Fundi Cherehani na Zege la Wenyewe

"Mimi nina shingo ya chuma," alisema Injinia Sindano asubuhi ile, akifunga kamba za viatu mlangoni. "Nikishasema kitu sikitazami, hata kiniite kwa jina langu na la baba yangu, sigeuki."

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuja na gari kuwachukua, aliegemea fremu ya mlango akamsikiliza kama mtu anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa.

"Haya, shemeji. Geuza mifuko tuone."

Akageuza. Ya suruali, ya koti, hata kile kidogo cha kifuani alichokishona mwenyewe. Zikatoka leso, funguo na pipi mbili za kikohozi. Tepu ya kupimia haikuwemo. Shemeji akatikisa kichwa kwa heshima, akaenda kuwasha gari.

Tepu ilikuwa ndani ya soksi ya kushoto.

Injinia Sindano hakuwa injinia wa chochote. Alikuwa fundi cherehani mstaafu. Miaka arobaini alishona suruali za watu katika kibanda kilichotazamana na kiwanja kitupu, na mwaka wa mwisho kile kiwanja kikaanza kujengwa. Mtu aliyezoea kutazama upindo akaanza kutazama msingi. Siku alipouza cherehani yake alikuwa tayari ameshaharibika: kila asubuhi anakunywa chai, anavaa kofia, anakwenda kusimama kwenye uzio wa ujenzi wa watu, mikono nyuma. Alijua ghorofa ipi imechelewa na fundi yupi anafunga nondo kwa uvivu. Mwiko hakuwahi kuushika hata kwa kumshikia mtu. Jina la Injinia Sindano alipewa na mafundi wenyewe, na alilichukua kama cheti.

Mkewe naye alikuwa na starehe yake, kula safarini. Kila mwezi alichagua mahali ambapo watu wanapika au wanakamua divai yao wenyewe, akapiga simu, akaweka meza. Tatizo ni kwamba mwaka mzima alikuwa anakula peke yake. Kwenye shamba la jibini mumewe alipotea saa nzima, akakutwa anahesabu mabomba ya kalvati barabarani. Kwenye samaki wa mtoni supu yake ilipoa mpaka ikaota ngozi, yeye yuko darajani anabishana na mwendesha katapila. Kwenye zile zabibu za mlimani hata hawakufika; waliona kituo cha mafuta kinaezekwa.

Safari hii ilikuwa ya miaka thelathini ya ndoa, na mama watoto hakupandisha sauti.

"Baba watoto, ukiinuka mezani leo kwenda kutazama simenti ya watu, safari zote zinazokuja nakwenda na dada yangu. Nakwambia taratibu, usije ukasema nilikuwa na hasira."

Injinia Sindano alijua kwamba mwanamke akisema taratibu, ameshaamua. Alijua pia huyo dada: mjane, ana gari, anapenda kula, na tangu harusi anamwita "yule mshonaji". Kikubwa zaidi, alizipenda safari hizo kuliko alivyowahi kukiri. Alipenda kukaa kiti cha nyuma bega kwa bega na mkewe, mkewe akimsomea kila kibao cha njiani kana kwamba mumewe hajui kusoma. Sasa awazie kile kiti kimekaliwa na yule dada? Hapana. Ndiyo maana aliapa. Na tepu je? Tepu ilikuwa mazoea tu, alijiambia, kama mtu aliyeacha sigara anavyobaki na kiberiti.

Shamba la divai lilikuwa kwenye mteremko, mizabibu imepangwa mistari kama mshono wa mashine. Meza iliwekwa nje, chini ya paa la majani. Mama alikagua mazingira kama askari, na mara moja akakiona kilichokuwa kando ya jengo la kukamulia: ghala jipya la kuhifadhia divai, kuta zimesimama, juu mafundi wametandika mbao, tayari kumwagiwa zege.

"Wewe kaa hapa," akamwambia mumewe, akimwonyesha kiti kilichotazama mizabibu, mgongo kwa ghala. Yeye akakaa mbele yake, akavaa miwani yake ya jua. Shemeji akakaa pembeni, akafungua kitambaa cha mkate.

Mwenye shamba, mwanamke mnene mwenye mikono yenye madoa ya zambarau, akaleta divai nyeupe, jibini na nyama iliyochomwa kwa kuni za mizabibu. Akaeleza ile divai imekaa wapi na kwa muda gani. Injinia Sindano akanywa, akafumba macho.

"Imenyooka," akasema. "Ila mwishoni inavuta kidogo, kama kola iliyobana."

"Mumeo anajua divai," mwenye shamba akamwambia mama.

"Anajua kola," mama akajibu, lakini alitabasamu.

Kisha Injinia Sindano akainua macho kumtazama mkewe, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Miwani ile ilikuwa ya vioo vyeusi vinavyong'aa. Ndani ya kila kioo, dogo lakini safi kabisa, lilikuwamo lile ghala zima: kuta, mbao, mafundi sita na mashine ya kuchanganyia zege.

Macho yake ya karibu yalikuwa yamekwisha kwa kutunga uzi. Ya mbali yalikuwa mazima. Akaegemea mbele, kidevu mkononi, akakodoa.

"Shemeji," akasema mdogo wa mkewe baada ya robo saa, "unamtazama dada yangu mpaka mimi naona aibu. Nihamie meza nyingine?"

"Mwache," mama akasema. Alishika kisu cha jibini bila kukata chochote. Akakaa wima zaidi. "Miaka thelathini, leo ndiyo mara ya kwanza ananitazama bila kuniuliza chakula kiko wapi."

Fundi wa kioo cha kulia alikuwa amemaliza kufunga nondo. Mwingine akasimama, akajinyoosha, akawasha sigara. Mashine ikaanza kuzunguka. Na hapo Injinia Sindano akagundua kuna kitu hakukiona.

Katika kazi zote za zege alizowahi kutazama, na zilikuwa nyingi, kabla ya zege kuna mtu anayechuchumaa. Anatembea kwa magoti na ndoo ya vile vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, anainua nondo, anasukuma kipande chini yake, anasogea. Bila hivyo nondo zinalala juu ya mbao, zege linapita juu tu, na siku mbao zikitolewa chuma kiko nje, kinakula kutu, na miaka michache baadaye paa linaanza kumwaga vipande kwenye vichwa vya watu. Vioo vyote viwili aliviangalia muda wote huo. Hakuna aliyechuchumaa.

Akatazama sahani yake. Akawatazama wale wanawake wa shamba waliokuwa wakipita na makreti, ambao ndio watakaofanya kazi chini ya lile paa. Zege likishamwagwa hakuna atakayeona tena. Toroli la kwanza lilikuwa linajazwa.

"Naenda msalani," akasema.

Mama akashusha kisu. Msalani kulikuwa kushoto, ghala kulia. "Nenda," akasema. "Nakuamini."

Neno hilo lilimfuata mpaka kwenye kona, kushoto, kama alivyoahidi. Kisha akazunguka msala kwa nyuma, akapita kati ya mizabibu ameinama kama mwizi wa kuku, akatokea kwenye ngazi ya ghala akihema.

"Simamisha hilo toroli," akasema.

Msimamizi wa mafundi, mtu mfupi mwenye kofia ya njano, akamtazama kuanzia viatu vya sherehe mpaka tai. "Mzee, wageni wanakula upande ule."

"Biskuti ziko wapi?"

"Za chai?"

"Usinichezee, kijana. Nondo zako zimelala."

Mafundi wakacheka. Msimamizi akasema zimefungwa vizuri, yeye mwenyewe amezikagua. Injinia Sindano hakubishana zaidi. Akapanda, akapiga magoti juu ya mbao na suruali yake ya harusi, akavuta soksi, akatoa tepu. Akaiingiza chini ya nondo. Haikuingia. Akajaribu hatua tatu mbele, haikuingia. Akajaribu pembeni, ikaingia unene wa ukucha.

"Hapa palitakiwa nafasi ya vidole viwili," akasema. "Wewe umevaa suruali. Kama mshonaji asingekuachia upindo chini, uzi ungeishi siku ngapi? Ndicho ulichomfanyia huyu mama mwenye shamba. Umemshonea paa lisilo na upindo."

Kicheko kikaisha. Msimamizi akapiga magoti naye, akachungulia, akajaribu kwa kidole chake mwenyewe. Mtu aliyepewa kazi ya ndoo asubuhi alikuwa ametumwa kwenda kupakua mchanga, na kila mmoja alidhani mwenzake ameshapanga.

"Zima mashine," akasema msimamizi. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mzee, wewe umeonaje? Wewe ni mkaguzi?"

Hapo angejibu neno moja akaondoka, hadithi hii isingekuwepo. Lakini mtu aliyesimama nyuma ya uzio miaka yote, leo ameulizwa kitu na mwenye kofia ya njano. Akajipangusa magoti taratibu.

"Nimekaa mezani pale," akasema, "mgongo kwenu, nimekula jibini, na nimewaona. Ukaguzi ni jicho." Akashuka ngazi bila kuaga, akipita tena kati ya mizabibu.

Alipokaa, divai nyekundu ilikuwa imeshaletwa. Mama alikuwa amemmiminia, tena muda wote huo alikuwa ameinamia sahani ya mumewe akimkatia nyama vipande vidogo kwa sababu ya jino lake bovu.

"Umechelewa."

"Kulikuwa na foleni."

Shemeji akageuka kutazama upande wa msala. Hakukuwa na mtu yeyote mle tangu wafike. Akaendelea kutafuna.

"Nilikuwa namwambia mdogo wangu," mama akaendelea, nyama ilipokuwa inakaribia kwisha, na sauti yake ilikuwa laini kiasi cha kumtia mumewe jasho, "kwamba mwezi ujao kuna mahali wanaoka mkate na kondoo kwenye tanuri la udongo. Nimeona tukae siku mbili. Mimi na wewe tu, hata huyu asije. Mtu anayenitazama hivi sina sababu ya kumwacha nyumbani."

Injinia Sindano akaweka mkono wake juu ya wa mkewe. Alitaka kusema jambo la kweli, na alikuwa nalo. Lakini divai ilikuwa nzuri, mkono ulikuwa na joto, na jambo la kweli linaweza kusubiri mpaka kwenye gari.

"Nilikuwa nakuangalia wewe," akasema. "Nisingeweza kuangalia kitu kingine."

"Samahani, wazazi."

Kofia ya njano ilikuwa imesimama mwisho wa meza. Msimamizi alikuwa amenawa uso kwa ajili ya wageni. Mkononi alishika tepu ya kushonea, ya njano iliyofubaa, ncha yake ina vumbi la simenti. Akaiweka kwenye kitambaa cheupe, kati ya jibini na chupa, kwa mikono miwili.

"Mzee, uliisahau juu. Biskuti zimeshapangwa zote. Vijana wanasema uje uhakikishe ndipo tumwage."

Mwenye shamba, aliyekuja nyuma yake akifuta mikono, akaanza kumshukuru Mungu na wageni.

"Mama, una mume," msimamizi akamwambia mke wa Injinia Sindano, akidhani anasaidia. "Ametuokoa. Na ameona yote hayo akiwa kwenye kiti hiki hiki, ametupa mgongo. Amesema mwenyewe."

"Ametupa mgongo," shemeji akarudia polepole. Akatazama kiti cha shemeji yake, akatazama ghala, kisha akamtazama dada yake usoni, na akaacha kutafuna.

Mama akauvuta mkono wake. Akavua miwani, akainuka, akaja kusimama kando ya kiti cha mumewe, mgongo kwa ghala kama yeye, akaigeuza vioo vimtazame, akaishika mbele yake kwa urefu wa mkono, kidogo juu ya bega lake. Akatazama ndani ya kioo cha kulia, kisha cha kushoto. Mafundi sita walikuwa wamesimama juu ya ghala wakingoja, wadogo, safi kabisa. Mmoja alikuwa anapunga mkono.