Gurudumu la Mbele

Mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi, na fundi alikwisha kukata tamaa ya kupata mteja, pale mtu asiyemjua alipoingia dukani kinyumenyume, akivuta baiskeli kama avutaye mbuzi mkaidi. Koti lilimganda mgongoni. Alipogeuka, fundi aliona mzee wa makamo, uso umemshuka, na baiskeli ya milimani ambayo uma wake wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ulikuwa umekunjwa upande kama karatasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Fundi yupo?"

Kaka wa fundi, aliyekuwa kwenye kigoda akiziba tyubu, alicheka puani. "Ndiye huyo unayeongea naye. Mimi hapa ni wa kuziba upepo tu."

Mzee aliomba radhi mara mbili, akatoa kitambaa mfukoni. Badala ya kujifuta uso, akaanza kuifuta baiskeli.

"Nataka unifungie magurudumu makubwa," alisema. "Yale makubwa kuliko yote. Nimeambiwa makubwa hayaangushi mtu."

"Unakwenda nayo wapi?" Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la fundi kwa kila mteja.

Baiskeli ilikuwa ya binti yake, alisema. Kulikuwa na njia nyembamba msituni, nyuma ya machimbo ya mawe. Binti aliilima mwenyewe kwa jembe, jioni baada ya kazi, miaka mitatu, kona moja baada ya nyingine. Mwaka jana akaanguka humo humo. Sasa yuko kitandani, na kuanzia kiunoni kushuka chini hana habari na mwili wake.

"Machimbo yanapanuliwa. Jumapili wanazungusha uzio, Jumatatu matingatinga yanaingia. Mwanangu ananiomba niipite njia yake mara moja, nirudi nimsimulie. Kwa miguu hataki. Anataka kujua kona ya tatu bado inashika tairi, au imeoza. Na siku yangu ya mapumziko ni Jumamosi peke yake."

"Baiskeli unaijua, mzee?"

"Miaka thelathini nimeendea kazini. Barabara ya lami, lakini."

Kaka wa fundi aliacha kusugua tyubu.

Fundi aliegemeza magurudumu matatu ukutani, akaweka kipande cha ubao sakafuni. Kwanza akaviringisha lile dogo, la inchi ishirini na sita. Likaugonga ubao, likaruka, likalala chali.

"Hili ni tukutu. Linageuka papo hapo, linapenda kurukaruka na kona za kubana. Mpanda wake awe mwepesi kama lenyewe. Mwanao alikuwa hivyo?"

"Alikuwa hatulii hata mezani," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Akaviringisha la ishirini na tisa. Likaupanda ubao kana kwamba halikuuona, likaenda kusimama mlangoni. "Hili ni la safari ndefu na mawe. Zito kuondoka, kona kali hazilipendi, ila likishashika mwendo halisumbuliwi na kitu. Lingekufaa. Tatizo ni fremu. Hii imezaliwa na ishirini na sita. Nikilazimisha hili nyuma, litasugua hata lisizunguke."

Uso wa mzee ukaanguka tena.

"Subiri kwanza." Akaviringisha la tatu, ishirini na saba na nusu. Lilisita kidogo kwenye ubao, kisha likaupita. "Uma huu ni wa kutupa. Ninao mwingine unaobeba saizi hii. Nyuma tutaacha dogo la mwanao, mbele tutaweka kubwa kidogo. La mbele litakupandisha mawe, la nyuma litageuka kama alivyozoea kugeuka yeye. Hili hapa lina mwenyewe, kesho analichukua, lakini nadhani ninalo jingine."

Alilishusha kwenye ndoano gurudumu kuukuu lenye tairi nene, akalipima kwa futi ya kamba kutoka ukingo hadi ukingo. Mzee bado alikuwa anaifuta fremu. Alikuwa amefika mahali palipoandikwa jina la binti yake kwa rangi ya kucha, akawa anapafuta taratibu, asije akalifuta na jina. Fundi aliisoma kamba huku machozi yakimlengalenga: inchi karibu ishirini na saba na nusu.

"Lipo," akasema. "Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Gurudumu la mbele litakuwa kubwa, mzee. Nakuahidi."

Wiki ikapita kwenye mvua. Ijumaa alasiri, uma mpya umekwisha kufungwa, fundi alivua lile tairi nene lililochakaa na kuvalisha jipya. Tairi jipya likacheza kwenye ringi kama pete ya bibi kwenye kidole cha mjukuu. Akalisukuma upande huu, likatokea upande ule. Alisimama akalitazama, kisha akasoma namba zilizochongwa kwenye ringi. Ishirini na sita. Unene wa tairi ndio uliokuwa umemdanganya.

Ukutani, juu ya meza ya kazi, palikuwa na maandishi ya chaki aliyoyaandika mwenyewe kumcheka kaka yake: PIMA RINGI, USIPIME TAIRI.

Kaka aliyasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, akifurahia kila moja. "Leo mwalimu kafeli mtihani wake! Ngoja nimpigie mama." Kisha akaona uso wa dada yake, akairudisha simu mfukoni.

Fundi alipiga simu kila duka alilolijua, akiulizia gurudumu la ishirini na saba na nusu. Wauzaji wawili hawakuwa nalo. Wa tatu alisema litafika baada ya siku kumi.

"Mfungie hilo hilo dogo," kaka alisema kwa upole. "Linaingia kwenye uma. Hatajua."

"Nilimwahidi kubwa."

"Mdogo wangu, yule mzee hatofautishi tairi na sufuria. Atafurahi tu."

Fundi alikuwa anaitazama baiskeli yake mwenyewe, iliyoning'inia nyuma ya mlango, imeoshwa, mnyororo umetiwa mafuta. Gurudumu lake la mbele lilikuwa ishirini na saba na nusu, na lilikaa kwenye uma wa aina ile ile. Kesho yake saa moja asubuhi yalikuwa mashindano ya mteremko. Watatu wa kwanza huingia kwenye timu ya mkoa. Mwaka jana alishika nafasi ya nne. Timu haichukui aliyezidi miaka ishirini na mitatu, na yeye angezidi mwezi ujao.

Kaka aliyafuata macho yake. "Hapana. Hapana kabisa! Miaka miwili unaamka alfajiri!"

"Basi mimi nikimbie na hilo dogo."

"Uma huo, gurudumu hilo, na mawe yale? Likinasa kwenye shimo la kwanza tu, utapitiliza juu ya usukani. Unataka kufa?"

"Kumbe kwangu ni hatari," fundi alisema, "kwa mzee ndiyo atafurahi tu."

Kaka alisimama akaishusha baiskeli kutoka nyuma ya mlango, akaishikilia wima. Dada yake akalegeza mhimili. Gurudumu lilitoka kirahisi. Fundi alikaa nalo mapajani kwa dakika nzima, akilizungusha kwa kidole, bila kulia.

Jumamosi mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu. Mzee alifika kabla ya saa kumi na mbili, kavaa kofia ngumu ya binti yake, ndogo kwake. Fundi akamfungia mkanda kidevuni.

"Penye mawe usibane breki ya mbele. Liache gurudumu lipande lenyewe. Ukiogopa, shuka, utembee nayo. Mwanao hatakasirika."

"Ndilo hili kubwa?"

"Ndilo."

Mzee aliinamia gurudumu, akaligusa. Alipoinuka, jicho lake likaangukia nyuma ya mlango, kwenye baiskeli iliyobaki na uma mtupu.

"Na hii maskini ni ya nani?"

Kaka aliinamisha kichwa juu ya tyubu yake.

"Ya mtu mmoja," fundi alisema. "Haina haraka. Nenda, mzee, mwanao anasubiri."