Saa Tano za Angani

Wachimbaji wenzake Orwa walimwambia Adero kwamba mwanawe amebeba dhahabu yake na kupanda ndege ya kutoka Nairobi kwenda Dubai, mwendo wa saa tano tu. Adero akazisubiri hizo saa tano kwa miaka tisa. Waongo wakubwa! Kijiji kizima cha Turwa kilijua kwamba wiki ileile shimo lao liliporomoka, na hakuna aliyejisumbua kulifukua.

Mwishowe ukoo ukaamua kumzika kama Wajaluo wanavyomzika mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Tunda la yago, refu kama mkono, likavishwa shati la Orwa na kufukiwa kando ya nyumba. Wazee wakanawa mikono, wakaketi kula.

Adero alikuwa bado ana udongo kwenye kucha simu yake ilipolia.

“Shikamoo, mama.” Sauti ilikuwa ya Orwa, changa vilevile kama siku alipoondoka. “Ndege imetua sasa hivi.”

Adero akaibana simu sikioni. “Umetua wapi, baba?”

“Sijui, mama. Ni giza, na mlango haufunguki. Ila nawasikia mnavyokula.”