Maji ya Mgeni

Shamte alifuata masharti yote isipokuwa lile moja lenye maana.

Siku ya kwenda kuchota sampuli nilimwelekeza mwenyewe, pale maabara kwetu Utemini. Usijipake losheni. Usivae koti la mvua. Usibebe chakula kilichofungwa kwenye karatasi isiyopitisha mafuta. Kemikali tulizokuwa tunazitafuta zinaweza kuwemo kwenye vitu hivyo vyote, na chembe tu inaharibu kipimo. Ni kemikali za viwandani, zina florini ndani yake, na haziozi. Zikiingia ardhini zinakaa, zikiingia kwenye damu zinakaa, na mama mjamzito anamgawia mtoto bila kujua. Povu la kuzimia moto wa mafuta huwa nazo, na povu la namna hiyo lilimwagwa kwa wingi siku lori la petroli lilipopinduka na kuwaka karibu na Iguguno. Liliteremka bondeni hadi kwenye kisima cha pampu kinachonywesha kitongoji kizima. Watoto walilichezea.

Shamte alirudi na mikono iliyopauka, shati kuukuu, chupa zimefungwa barabara. Nikampongeza. Chupa mbili zikapelekwa nje ya nchi, maana mashine ya kupima vitu hivyo hatuna. Moja tukaibakiza kwa vipimo vya kawaida, lakini kifaa chetu cha floraidi kilikuwa kibovu, ikalala kwenye friji.

Majibu ya nje yakaja: kemikali za povu hazikuonekana. Chediel, mkuu wetu wa maabara, hakutaka kusubiri kingine. Aliitisha mkutano kitongojini, akasimama mbele ya watu, akasoma. Mwanamke mmoja kijana, Kristina, tumbo limeshachomoza, akanyoosha mkono. Tangu siku ya povu alikuwa akienda kisima cha mbali kutafuta maji ya kunywa, dumu kichwani.

"Kwa hiyo ninywe ya hapa?" akauliza.

"Kunywa, mama," Chediel akasema. "Kunywa bila wasiwasi."

Watu wakapiga makofi.

Kifaa cha floraidi kilipotengenezwa, nikaitoa ile chupa kwenye friji. Floraidi si ile ya povu. Ni madini yaliyomo kwenye miamba yetu tangu dunia iumbwe, na ukikulia kwenye visima vya huku meno yako yanasema. Yangu ni ya kahawia, ya Kristina ni ya kahawia, ya mwenyekiti wa kitongoji ndiyo usiseme. Chupa ile ikasoma karibu na sifuri. Nikadhani kifaa bado kinaumwa. Nikapima maji ya bomba la maabara, kikasoma vilevile kama miaka yote. Nikarudia chupa, ikawa yaleyale. Nikamwita Shamte.

"Shamte, haya maji ulichota wapi?"

"Kisimani, dada Hajira."

"Wewe mwenyewe?"

Akakuna shingo. "Pampu siku ile ilikuwa imekatika mnyororo. Mke wa mwenyekiti akaniambia nikae kivulini, maji yapo. Akaniletea ndoo."

"Ukakaa."

"Jua lilikuwa kali."

Nilitamani kumrushia ile chupa. Mtu mzima kaacha losheni, kaacha koti, kashinda na njaa kwa ajili ya sayansi, halafu kashindwa kuuliza ndoo imetoka wapi.

Nikaenda kwa Chediel. Alinisikiliza, akainuka, akafunga mlango. "Tumeshatangaza, Hajira. Maji yakimwagika hayazoleki. Tutachota upya kimyakimya, majibu yakitoka tutajua la kuwaambia."

"Na Kristina anakunywa nini mpaka hapo?"

"Labda hayana kitu."

Nikamwambia hiyo labda tulikuwa nayo kabla hatujapima, nikatoka bila kuaga. Sijawahi kumfanyia mkubwa wangu hivyo, na sijutii.

Kesho yake nilikuwa kisimani. Pampu ilikuwa imetengenezwa. Nikapampu mwenyewe, nikajaza chupa mwenyewe, kisha nikaenda kwa mwenyekiti. Mkewe, mama Agripina, alikuwa uani akipepeta alizeti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilipomuuliza habari za ndoo ya Shamte alitabasamu, akaniashiria simtanki lililo chini ya ukingo wa bati. "Maji ya kisima yana chumvi. Mgeni wa ofisi ningempaje yale? Nilimpa ya mvua. Ndiyo maji yetu ya wageni."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali. Utamgombeza vipi mtu aliyekupa kilicho bora nyumbani kwake? Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Mgeni alikuja, akakaa kivulini, akapima mvua, akaondoka. Mwenyeji akabaki na kisima chake.

Nikaomba Kristina aitwe. Alikuja polepole, mkono kiunoni. Nikamweleza kwamba maji tuliyoyasoma mkutanoni hayakuwa ya kisima chao. Sikumwambia yana sumu. Nilimwambia hatujui, na kwamba tulisema tunajua.

"Nayanywa tangu mkutano," akasema. "Nilifurahi kupumzika na ule mwendo." Akanitazama. "Yule baba aliyeniambia ninywe, mbona hakuja yeye?"

Niliona aibu, na aibu ile ikanizidishia hasira.

Mama Agripina aliingia ndani, akatoka na kikombe cha maji juu ya sahani, akakunja goti kidogo, akanikaribisha. Ya mvua. Nikayapokea kwa mikono miwili, nikampa Kristina.

"Hayo ni ya mgeni, mwanangu," mama Agripina akasema kwa upole.

"Najua, mama. Bosi wangu akija, mpe ya kisima. Haya ni ya Kristina mpaka majibu yatoke."

Hakubisha. Alilisogelea simtanki, akaligonga kwa kiganja kuanzia juu, akishuka. Lilitoa mlio wa utupu hadi karibu kabisa na koki. Tulikuwa Julai, na mvua zetu huanza Novemba.

Kristina naye aliusikia mlio. Alikuwa amefika nusu ya kikombe. Akakirudisha kwenye sahani, akamwomba mama Agripina amfunikie, atakuja kumalizia kesho.