Salamu za Kidole Gumba

Jana usiku, ndotoni, niliitwa na kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto. Hakuniita kwa heshima. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kajifunga uzi wa bluu kiunoni, akaniuliza kama mimi ni fundi cherehani au ni gogo.

"Nimechomwa tangu asubuhi," alisema. "Natuma ujumbe, sijibiwi. Nifanye nini, niandamane?"

Nikamweleza hali halisi. Nina kisukari kwa miaka sasa na miguu imeanza kufa ganzi. Daktari amekwisha kunionya kwamba kidonda nisichokisikia ndicho kitakachoniondolea mguu. Na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Bila mguu sina kazi.

"Basi upeleke ujumbe mwenyewe kwa Ubongo. Sema: sindano, kidole gumba, kushoto. Huku kwetu habari inakwenda nzima au haiendi kabisa."

Ghafla niko ndani ya muundi wa mguu wangu. Ni barabara ndefu, na barabara yenyewe ni waya, mshipa wa fahamu. Natakiwa kuruka kutoka kituo hadi kituo, maana katikati waya umevikwa ganda. Lakini ganda limebanduka, na pale lilipokuwa sisimizi wanakula sukari. Kila nikiruka naangukia kwenye sisimizi, na kila nikiangukia nguvu zinanivuja.

Gotini ananisimamisha mlinzi mwenye kanzu iliyopigwa pasi.

"Unapeleka nini?"

"Sindano."

"Aah, fundi! Mtu mzima haambiwi hivyo. Unataka kumuua Ubongo kwa mshtuko? Sema Kidole hajisikii vizuri."

"Lakini amechomwa!"

"Ndiyo. Hajisikii vizuri."

Nilikasirika, ila nilikuwa na haraka, nikaruka tena.

Kwenye uti wa mgongo waya unakatika. Mbele kuna mfereji mwembamba, na ukingoni ameketi bibi aliyezungukwa na vichupa. Ananieleza kwamba mjumbe havuki hapo. Kinachovuka ni dawa anayoimwaga yeye. Wa ng'ambo wanaionja, wanajua habari.

"Mwaga basi, bibi!"

"Hujanisalimia."

"Shikamoo."

"Marahaba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mwaga!"

"Mkeo?"

"Mzima!"

"Na huyo Kidole?"

"Ana sindano mwilini, bibi! Sindano!"

"Maskini," anasema, anafungua kichupa, anadondosha tone moja. "Nimewaambia amechoka kidogo. Mengine watayajua wakifika."

Nilitamani kuutafuna ule mfereji. Watu wote hawa wana roho nzuri, na roho zao nzuri zinanikata mguu.

Sikuvuka, lakini hapo hapo niko sebuleni kwa Ubongo. Amejaa kwenye sofa iliyokunjamana kama yeye, anasikiliza redio. Karani wake anaonja kijiko, anasafisha koo.

"Mzee, Kidole Gumba anakusalimia."

"Mwambie salamu zimefika," anasema Ubongo. "Kijana mwema yule. Hana matatizo kabisa."

"Mzee!" nikapiga kelele. "Kidole ana sindano! Nimetoka kwake sasa hivi! Mnakaa mnatumiana salamu na mguu unakwenda!"

Ubongo ananitazama kwa upole unaoudhi.

"Fundi, mimi nakaa gizani humu. Sijawahi kumwona Kidole maishani mwangu, naamini ninacholetewa. Njia ya mguuni imekufa, na waliobaki humo ni watu wa adabu tu. Mbona hukumtuma Macho? Njia yake ni fupi na bado nzima."

"Macho yangu hayafiki kwenye unyayo! Kitambi hiki chote!"

"Basi azima ya mkeo. Sasa niache, wanasoma hali ya hewa."

Nimeamka kukipambazuka. Mguu hauumi popote. Niliona haya kumwamsha mke wangu Mwanahamisi kwa ajili ya ndoto, lakini nilimwamsha, nikamwomba awashe taa anitazame unyayo wa kushoto.

"Unyayo? Kabla hata ya chai? Umekuwaje, baba Zuhura?"

Aliendelea kunung'unika mpaka alipoushika mguu. Hapo akainama kutazama vizuri.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Kuna kitu kimeingia hapa chini ya kidole gumba. Nivute?"

"Vuta."

Nikakunja uso, nikafumba macho, nikashika ukingo wa kitanda, nikauma meno. Nilisubiri sana.

"Vuta basi, mama Zuhura, usinionee huruma!"

Nilipofumbua macho alikuwa amekwisha kuichomoa na kuiinua mbele ya taa: sindano yangu ya mkono, na uzi wa bluu wa sare za shule unaning'inia kwenye tundu. Machozi yalikuwa yanamtoka yeye.