Mbuzi Fundi Viatu na Sufuri Tatu

Kwa heshima na taadhima, itangazwe kwamba tukio kuu kuliko yote katika historia ya usomaji lilitokea Kidato cha Pili. Lilitokea Jumatatu, kipindi cha pili, nusu ya darasa ikipiga miayo.

Mwalimu wa fasihi aligawa vitabu na kuagiza kila mtu akibane chake chini ya kiwiko, kikiwa kimefungwa. Watazame jalada, waandike wanachobashiri, wakusanye karatasi, ndipo wasome. Atakayepata sufuri mara tatu atarudishwa Kidato cha Kwanza.

Jalada lilikuwa na mbuzi darajani. Binti wa mpishi wa shule aliandika kwamba mbuzi atavuka na kuwa fundi viatu. Vitabu vilipofunguliwa, ukurasa wa nane, mbuzi alikuwa akimpima hakimu mguu. Wino ulikuwa haujakauka. Mwalimu aliwaonya wasifutie vidole kwenye sweta.

Binti alipata sufuri. Mwongozo wa kusahihishia ulisema mbuzi alizama.

Jumatano kitabu kilikuwa na mlango kwenye jalada. Aliandika kwamba utakataa kufunguka mpaka uombwe radhi. Ukaombwa, ukurasa wa kumi na mbili, katika nakala zote arobaini, pamoja na ile iliyokuwa ikizuia dirisha la maktaba lisigongegonge. Sufuri ya pili.

"Mwalimu, naomba utazame kitabu," alisema.

"Nimekitazama, mwanangu. Kinakubaliana nawe kabisa. Mwongozo ndio haukubali."

Ijumaa jalada lilikuwa na treni. Binti aliandika polepole, na safari hii hakuiziba karatasi kwa mkono. Akapata sufuri ya tatu. Jirani yake wa dawati, mpwa wa mwalimu mkuu, alipata tisa juu ya kumi kwa sentensi ileile, neno kwa neno. Mwalimu alimsifu mbele ya darasa kwa kuona mbali.

Jumatatu iliyofuata binti alibeba kiti chake hadi Kidato cha Kwanza. Huko, inasemekana, vitabu vimekuwa vitamu sana siku hizi.

Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Ndani ya treni mna mwizi, naye ni yule anayechungulia karatasi ya jirani, atasimulia kisa chote kwa mbwembwe, kisha ukurasa wa mwisho atakiri." Mwenye haraka ya kunakili hasomi anachonakili.

Basi nakiri. Mwalimu mkuu ni mjomba wangu. Nilimpelekea karatasi zote mbili, yangu na ya binti, akaziweka sambamba mezani na kuzisoma kwa makini. Akasema tisa ni alama nzuri, niendelee hivyohivyo.