Mwanafunzi wa Sita

Shahada yangu ni ya udongo. Miaka minne nilisoma udongo: unavyoshika maji, unavyochoka, unavyopona. Nilipomaliza, udongo haukuniajiri. Aliyeniita ni mkuu wa shule moja ya binafsi, aliyekuwa akitafuta mwalimu wa Kiingereza. Akaigeuza shahada yangu mbele na nyuma kama noti anayoitilia shaka, akasema, "Hii nimeiona. Kaongeze cheti cha kufundishia Kiingereza. Nafasi nitakushikia mpaka muhula ujao."

Cheti chenyewe ni cha wiki sita, na kinasimama juu ya masomo mawili ya kupimwa. Unafundisha watu wazima wanaokuja kujifunza bure, huku mkaguzi amekaa nyuma na saa mkononi, anahesabu dakika unazoongea wewe na dakika wanazoongea wao. Tulimwita Bi Saa, mbali na masikio yake. Somo la kwanza nilianguka. Nikiogopa huwa naropoka, na siku ile nilikuwa redio iliyokosa mtu wa kuizima. Likabaki moja. Nikianguka na hilo, cheti hakuna, kazi hakuna, na mama anaendelea kupiga pasi nguo za watu kwa mgongo ule unaomuuma. Mama yangu ni dobi. Udongo wote nilioujua ulilipiwa na pasi yake.

Kulikuwa na sheria mbili zilizonikosesha raha. Wanafunzi wakipungua sita, somo linafutwa na wewe unahesabiwa umeanguka. Na ndugu wa mwalimu haruhusiwi kukaa darasani, maana ndugu hukufichia makosa. Mwenzetu mmoja alimwingiza binamu yake. Bi Saa alimgundua kabla ya mapumziko, mwenzetu akabeba mkoba wake mbele yetu na hatukumwona tena.

Mimi nilikuwa na sita kamili. Asubuhi ya siku yenyewe mmoja wao, fundi viatu, akapiga simu: mkewe amelazwa, haji. Mama alikuwa jikoni akinyunyizia mashati maji.

"Wamebaki watano," nikamwambia. "Nimekwisha."

"Somo ni saa ngapi?"

"Saa nne."

"Kunywa chai," akasema. Nikadhani ananipooza tu.

Saa nne kasoro dakika mbili mlango wa darasa ukafunguliwa, akaingia mama. Alikuwa na gauni lake la kutokea, na daftari langu la zamani kwapani. Hakunitazama. Akaandika kwenye karatasi ya mahudhurio jina lisilo lake, akaketi dirishani, kati ya dereva wa lori na mshona nguo.

Mimi na mama ni shilingi kwa ya pili: paji la uso lile lile, mwanya ule ule. Bi Saa akainua macho, akamtazama mama, akanitazama mimi, akarudi kwenye karatasi zake. Nikaamua sitatabasamu hata kidogo, mwanya usije ukaonekana, nikafundisha dakika ishirini nimebana midomo kama fundi cherehani mwenye pini mdomoni. Angalau sikuropoka.

Somo lilikuwa la familia. Ujinga wangu mwenyewe. Nililipanga wiki nzima, nikilifanyia mazoezi kwa sauti nyumbani, mama akiwa pale pale kwenye meza yake ya pasi. Sehemu ya mwisho kila mtu alitakiwa kujibu kwa Kiingereza swali moja: una watoto wangapi? Ukimruka mtu, Bi Saa anaandika. Dereva wa lori akasema ana wanne. Zamu ya mama ikafuata, na swali hilo mama hajawahi kulijibu maishani mwake bila kuninyooshea kidole. Dukani, hospitalini, popote. Mmoja, huyu hapa.

Nikamuuliza.

Mama akasimama, ingawa wengine wote walijibu wamekaa. Mikono yake akaifungia nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, akaniangalia usoni.

"Hapana," akasema kwa Kiingereza, taratibu, kila neno limenyooka. "Mimi sina mtoto."

Dereva wa lori akamtazama kwa huruma. Mimi nikasema anachosema mwalimu, "Vizuri sana," nikamgeukia mshona nguo. Sauti yangu haikutetemeka.

Watu walipotoka, Bi Saa akaniita.

"Umefaulu," akasema. "Leo umejua kunyamaza." Akafunika kalamu yake. "Ila yule mama wa dirishani aliposema hana mtoto, ulimpita kama hajasema kitu. Mwanafunzi akikupa jambo zito namna ile, unatulia kidogo. Ulikuwa unaogopa nini?"

"Nilikuogopa wewe, mwalimu."

Akacheka, akatia sahihi. Nilitoka nje nimeshika karatasi niliyoililia wiki sita, na hofu haikupungua hata chembe. Ilikuwa imehama tu. Sasa niliogopa ile sauti yangu, ilivyotoka kirahisi.

Jioni mama alikuwa kwenye meza ya pasi. Alifuta mikono kwanza, akaishika ile karatasi kwa pembe, akaniambia hongera mwanangu, akanirudishia isije ikalowa. Kisha akaendelea na kazi. Baada ya muda nikasikia midomo yake inacheza. Alikuwa akiisema tena ile sentensi, kwa Kiingereza, pasi ikienda na kurudi. Hapana. Mimi sina mtoto. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ya kigeni kusifiwa na mwalimu.

"Mama, acha."

Pasi ikasimama. "Nimekosea mahali?"

"Hujakosea."

"Basi niache nifanye mazoezi. Yule bibi wa saa kanikuta mlangoni, kaniambia nisikose wiki ijayo." Akanyunyizia maji kola ya shati la mtu. "Ataniuliza tena yule. Lazima niseme vile vile."

Akaanza upya.