Kitalu Nyuma ya Jiko la Lynnet

...na kama hajapanda, kwa nini amefunika, mtu hafuniki udongo mtupu kwa nyasi kama anavyofunika mgonjwa, tena nyasi zenyewe zina unyevu, hapa nilipopiga magoti kwenye kitalu changu naziona vizuri kabisa nyuma ya jiko lake, kitalu kizima kimelala pale kimya, halafu yeye Lynnet amenisimamia kichwani na kopo lililotobolewa matundu, maji tayari, tabasamu tayari, ananiambia, “Mama Dishon, weka basi, jua inapanda,” na mimi mbegu za sukuma zimejaa kiganjani, nyeusi, ndogo, zimeanza kushika jasho, na sitaziweka, bado, kwanza nijue... nijue nini, najua tayari. Ni mwisho wa Februari, mvua ndefu iko mlangoni, Magunga nzima watu wametengeneza vitalu, na katika boma hili mimi Phelesia ndiye wa kwanza kutia mbegu ardhini, mke mkubwa, halafu afuate mke mdogo, huyu Lynnet, halafu wana na wake zao, ndivyo ilivyo kwa Wajaluo wanaojiheshimu, na mume wetu Willis mwenyewe ndiye aliyenieleza nilipoletwa hapa, kanisani tunakwenda sote na kanisani hakuna aliyetuambia tuache, na usiku wa kuamkia kupanda mume hulala nyumba ya mke mkubwa, si kwingine, hapo ndipo mbegu hufunguliwa, bila hapo ni punje tu za kulisha ndege. Sasa mke mdogo akitangulia kupanda maana yake ni moja, mke mkubwa amekufa, na mimi niko hapa magoti yananiuma, nijuavyo mimi wafu hawaumwi magoti.

Jana Willis hakuja. Hilo nimelimeza peke yangu, nilimpikia samaki wa Mfangano, yule mnono, nikaweka maji ya kuoga, nikatandika shuka lile la harusi ya Dishon, nikakaa kitandani kama bibi harusi, mimi mwenye mjukuu, maji yakapoa, samaki akaganda mafuta, nikaelewa, amebaki kwa huyu, usiku wangu amempa mwingine, na huyu amekubali, na kama amekubali usiku basi atakosaje kukubali na mbegu... Asubuhi namwona Willis anaingia kutoka upande wa langoni, suruali imelowa umande mpaka magotini, pindo limejaa zile nyasi zinazonata, nikasema moyoni, ona mwanamume alivyo na akili, ametoka kwa Lynnet kwa nyuma, akazunguka ua wote ili nidhani alikwenda kuangalia ng'ombe, akanisalimia kwa upole kama mchungaji siku ya sadaka, akaomba uji, nikampa. Sikumuuliza. Ulilala wapi ni swali la wasichana, mwanamke wa rika langu akiliuliza amejivua nguo mwenyewe. Na Lynnet alipokuja, “Mama Dishon, ni leo tunatoa mbegu?” nikainua shingo, nikasema ndiyo, kila kitu kiko sawa, kwa sababu nisingempa raha ya kuniona nimeachwa, afadhali nidanganye. Kwa hivyo uongo upo hapa kiganjani pamoja na mbegu, nikizitia ardhini zitaingia bila kufunguliwa, na chira, ile laana ya kuvunja mwiko, haimuulizi mtu kama alidanganya kwa aibu, huja tu, mtoto anaanza kukonda bila ugonjwa, na mjukuu wangu bado hata kutembea hajaanza... lakini nikikataa nitasema nini, nitamwambia huyu, mbegu zimekataa kwa sababu mume wako na wangu alikuwa kwako, halafu aende kisimani akacheke na wenzake, hapana.

Anasema kitu, kuku, kuku wa Bathsheba jirani yetu, sijui wamefanya nini, sisikii vizuri, midomo yake inakwenda na mimi naangalia kucha zake, zina udongo, asubuhi yote hii udongo wa wapi... Na yale maua. Yale maua ndiyo yaliyonimaliza kabisa, Jumamosi nafua koti la Willis, naingiza mkono mfuko wa ndani nitoe tumbaku, natoa pakiti ya mbegu, si sukuma, si spinachi, maua, picha yake maua ya njano yamejaa mpaka pembeni, imekatwa kwa wembe, tupu, hakuna hata punje. Alikwenda Isebania kutununulia mbegu, na kweli alileta, sukuma yangu na nyanya za Lynnet, akatugawia hapa hapa uani kama mtu wa haki, maua hakuyataja. Willis na maua. Mwanamume ambaye maua aliyowahi kunipa ni yale yaliyochapwa kwenye leso, tena leso yenyewe niliichagua mimi. Nikajiambia basi, ni ya Lynnet, Lynnet wa kusuka nywele hata kama sukari imeisha, amemletea maua apande mlangoni, na pakiti ikiwa tupu ina maana yameshapandwa, na kama yameshapandwa yako pale chini ya nyasi, ananichekea na yako pale...

“Unaongea na nani, Mama Dishon?”

“Na magoti yangu.” Anacheka, anacheka vizuri, hiyo ndiyo shida yake, huwezi kumchukia mpaka afunge mdomo. Namuuliza sasa hivi, kabla moyo haujarudi nyuma, namuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, “Na maua yako, yameota?”

“Maua gani?”

“Yale umefunika pale.”

“Ile? Ile hakuna kitu, si ndio nilikuwa nakuambia, kuku za Bathsheba zinakuja kuchakura, nikaweka nyasi na nikamwagia maji udongo ikae laini, nakungoja.” Na anakwenda, kopo mkononi, anainama, anainua nyasi zote mara moja kama mtu anayefunua chungu, na ni udongo, udongo mtupu, umesawazishwa kwa kiganja, vidole vyake vimeacha alama, hakuna mstari hata mmoja. “Nitapanda aje kabla yako, unataka niletee boma chira? Na maua, nyieka, nani atanipea maua hii Magunga?” Ameniita nyieka, mke mwenzangu, hajawahi kuniita hivyo, ananiitaga Mama Dishon tu kama anayehutubia mkutano, na anarudi huku anaendelea, anacheka peke yake, “Hata Mzee jana nilimfukuza kwangu, alikuwa amesinzia kwa kiti, nikamwambia amka uende kwa mwenye nyumba kubwa, kesho ni mbegu, akachukua tochi, akatoka. Si alifika mapema?”

Tochi. Kutoka mlango wake hadi mlango wangu ni ua uliofagiliwa, taa ya sola iko pale juu ya mlingoti, kipofu angepita bila kujikwaa, tochi ya nini... na umande. Umande mpaka magotini, mimi mjinga, nyuma ya nyumba ya Lynnet hakuna nyasi ndefu, ng'ombe walikula zikaisha tangu Januari, mtu hawezi kulowa magoti kwa kuzunguka ua huu, nyasi ndefu ziko nje ya lango, kule njia ya kuelekea mbugani, kule ambako kuna nyumba mpya za mabati, na mwezi huu wote amekuwa akisema mashine yake ya kusagia imeharibika, anashinda sokoni kwa fundi, mashine gani isiyopona. Basi mahali fulani kuna mlango wenye maua yaliyokwisha pandwa, na mwanamke ambaye bado ana umri wa kuletewa maua, na jana, usiku wa mbegu, usiku ambao hauchezewi hata na walevi, mbegu zilifunguliwa kule. Tumetanguliwa, mimi na huyu. Nimekuwa nikimchunguza kucha tangu alfajiri, kumbe sote wawili tumeshafukiwa.

“Nyieka? Si alifika?” Tabasamu limeanza kumtoka, upande mmoja kwanza. Na ningeweza kusema ndiyo, shingo yangu inajua kuinuka yenyewe, ndiyo, alifika mapema, alikula samaki... Namwangalia, nywele zake mpya, kopo lake, maji yanadondoka polepole miguuni pake na haoni, na nashangaa jinsi uchungu ulivyohama, nilikuwa nimemwekea yeye na sasa sina pa kuutua.

“Hakuja.”

Anachuchumaa kando yangu, taratibu, magoti yetu karibu yanagusana. “Sasa alikuwa wapi?” ananiuliza kwa sauti ya chini, swali lile la wasichana, na sijui kwa nini nilidhani nimeshalipita, nafunga kiganja mbegu zote zikiwa ndani, hata moja haijashuka, tunatazama mlango wa nyumba yangu, redio inasema habari za mvua, na Willis anakohoa huko ndani, anauliza kama uji umebaki.